Kutembea, uzito, yoga au maji: uchague zoezi gani baada ya matibabu ya saratani ya matiti

Siku ya mwisho ya mionzi wengi huagwa kwa maneno yaleyale: "Haya mama, kula vizuri, fanya mazoezi, tuonane kliniki baada ya miezi mitatu." Suala la kula linaeleweka. Lakini mazoezi gani, kwa muda gani, na mkono huu uliopasuliwa kwapani uhusishwe vipi? Hapo foleni ya nje ni ndefu na daktari hana nafasi ya kueleza. Mama anarudi nyumbani na uchovu usiomalizwa na usingizi, bega lisilofika kwenye rafu ya vyombo, na wanawe wanaomhurumia hadi wanamnyang'anya fagio.

Ndiyo maana nimeamua kuziweka bega kwa bega njia nne ambazo wanawake wengi huzifikiria: kutembea, kunyanyua uzito, yoga pamoja na kunyoosha viungo, na mazoezi ya majini. Nimeangalia kila moja inasaidia shida ipi, inaugusa vipi mkono wa upande uliopasuliwa, inagharimu nini, na kama kweli mtu wa Mbagala, Kisumu au Tanga anaweza kuifanya. Maelezo haya ni ya aliyemaliza upasuaji, dawa za dripu na mionzi, hata kama bado anameza vidonge vya homoni. Ambaye ugonjwa umefika kwenye mifupa naye anaweza kufanya mazoezi, ila mpango wake utoke kwa daktari na mtaalamu wa fiziotherapia wanaomjua.

Kwanza jua matibabu yamekuachia nini

Usichague zoezi kabla ya kujua ulipewa dawa gani. Kama kati ya dripu zako kulikuwa na ile nyekundu, doksorubisini, au ulichomwa sindano ya saratani iitwayo trastuzumabu, muulize daktari kama moyo wako ulipimwa na majibu yalikuwaje, kwa sababu dawa hizo zinaweza kuupunguzia moyo nguvu. Paklitakseli, dawa nyingine ya dripu, huweza kuacha ganzi kwenye vidole na nyayo, na mwenye ganzi anaweza kukanyaga jiwe au kujikwaa asijue. Anastrozoli na letrozoli, ambavyo ni vidonge vya homoni, huweza kuleta maumivu ya viungo, hasa asubuhi, na hupunguza uimara wa mifupa. Ukiwa na kadi ya kliniki au muhtasari uliopewa ulipotoka hospitali, majina haya yamo. Nenda nayo.

La kwapani ndilo linaloamua mengi. Waliotolewa tezi nyingi za kwapa, karibu 20 kati ya kila 100 hupata uvimbe wa mkono wa kudumu unaoitwa limfedema. Waliotolewa tezi chache tu za kupimwa, ni kama 6 kati ya 100. Basi jua ulitolewa tezi ngapi.

Kutembea

Hili ndilo zoezi lenye ushahidi mpana na gharama ndogo kuliko yote. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kimataifa lililoitishwa na chama cha tiba ya michezo cha Marekani lilipitia tafiti zilizokuwepo, likafikia dozi iliyo wazi: mazoezi ya kupandisha mapigo ya moyo kwa kiasi, kama kutembea haraka, dakika 30, mara 3 kwa wiki, kwa wiki 8 hadi 12. Kwa dozi hiyo uchovu hupungua, wasiwasi na huzuni hupungua, na mtu hujiona ana uwezo zaidi wa kufanya shughuli zake. Usingizi pia hunufaika.

Kasi inayotakiwa utaijua kwa mdomo wako. Ukiweza kuongea na mwenzio lakini huwezi kuimba, uko sawa. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa kumaliza sentensi, punguza.

Kuna utafiti maarufu uliochapishwa 2005, uliofuatilia wauguzi 2,987 wa Marekani waliowahi kuugua saratani ya matiti. Waliokuwa wakitembea saa 3 hadi 5 kwa wiki, au kufanya zoezi la kiasi hicho, walikuwa na vifo vichache kuliko waliokaa tu. Nautaja kwa tahadhari: ulikuwa utafiti wa kuwaangalia watu wanavyoishi, na huenda aliyeweza kutembea sana ni yule aliyekuwa na afya nzuri tangu mwanzo. Mtu akikuambia kutembea kunazuia saratani isirudi, amekwenda mbele ya ushahidi. Kwamba kunakurudishia nguvu ya kuishi, hilo lina uthibitisho wa kutosha.

Kwa mazingira yetu, kinachosumbua ni jua na usalama. Dar es Salaam au Mombasa, baada ya saa tatu asubuhi joto linachosha hata mzima, na aliye kwenye tamoksifeni, kidonge kingine cha homoni, huenda tayari ana vipindi vya joto la ghafla vinavyomlowesha jasho. Alfajiri ni bora, lakini mwanamke peke yake barabarani alfajiri ni jambo la kufikiriwa. Jirani mmoja anatosha. Dar kuna klabu za jogging karibu kila mtaa, zinatoka Jumamosi na Jumapili zikiwa na fulana za rangi moja na nyimbo. Wengi hudhani ni za wakimbiaji tu, kumbe nyuma ya kundi daima kuna wanaotembea, na kutembea ukiwa umezungukwa na watu wanaoimba kunakutoa kwenye mawazo kuliko kutembea kimya.

Mwenye ganzi miguuni avae raba zenye soli iliyoshika vizuri, aache kandambili nyumbani, na akirudi akague nyayo kwa macho. Ganzi haitamwambia kama amejichubua.

Udhaifu wa kutembea ni huu: bega lililokakamaa litabaki vilevile, na mkono hautapata nguvu. Mtu anaweza kutembea mwaka mzima, akapona uchovu, na bado asiweze kufunga sidiria kwa nyuma.

Kunyanyua uzito

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hili ndilo zoezi linaloogopwa kuliko yote na ndilo ninaloamini wanawake wetu wanalikosa zaidi.

Kwa miaka mingi waliopasuliwa kwapani waliambiwa wasibebe kitu kizito kwa mkono ule maisha yao yote, utavimba. Ushauri ulitoka kwa watu waliotaka mema, ila haukuwa na majaribio nyuma yake. Wa mapema kuupima alikuwa Don McKenzie, daktari wa michezo wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Vancouver. Mwaka 1996 aliwachukua wanawake 24 waliowahi kuugua saratani ya matiti, akawafundisha kupiga kasia kwenye mitumbwi mirefu ya Kichina, kazi nzito kabisa ya mikono na mabega. Hakuna aliyepata limfedema mpya.

Jibu lenye uzito zaidi lilikuja 2009. Kathryn Schmitz na wenzake wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania waliwagawa kwa bahati nasibu wanawake 141 ambao tayari walikuwa na mkono uliovimba. Nusu wakanyanyua vyuma mara 2 kwa wiki kwa mwaka mmoja, nusu wakaendelea na maisha yao. Wanyanyuaji hawakuvimba zaidi ya wenzao. Na walioathirika na uvimbe kuchachamaa walikuwa 14 kwa 100 upande wa wanyanyuaji, 29 kwa 100 upande wa pili. Mwaka uliofuata kikawa kikundi cha wanawake 154 ambao walikuwa hawajavimba lakini wako kwenye hatari. Mkono ulivimba kwa 11 kati ya 100 walionyanyua, na 17 kati ya 100 wasionyanyua. Kwa waliotolewa tezi 5 au zaidi tofauti ilikuwa kubwa: 7 kati ya 100 walionyanyua, na 22 kati ya 100 wasionyanyua.

Sasa tazama tunavyoishi. Mkwe anasema, "Mama, acha, nitabeba mimi." Anasema kwa upendo, na kwa wiki za mwanzo kidonda kikiwa kibichi yuko sahihi kabisa. Lakini miezi inapita, mkono hauguswi na kazi yoyote, misuli inakonda. Halafu siku moja maji yamekatika, nyumbani hakuna mtu, mama anainua ndoo ya lita 20. Hizo ni kilo 20 kwa mkupuo mmoja, kwa mkono ambao tangu upasuaji haujainua hata sufuria. Mkono dhaifu unaobebeshwa mzigo wa ghafla ndio ulio hatarini. Kwa wanawake wa Pennsylvania uzito uliongezwa kidogokidogo, na kila hatua ilisubiri kuona mkono umesemaje.

Huhitaji ukumbi wa mazoezi kuanza hivyo. Chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa ni nusu kilo, hiyo ndiyo chuma chako cha kwanza. Isugue vizuri, ijaze, kaza kifuniko. Kaa kwenye kiti kisicho na mikono, mgongo umenyooka, chupa moja kila mkono. Kunja kiwiko hadi chupa ifike karibu na bega, shusha taratibu ukihesabu hadi tatu. Mara 10, pumzika, mara 10 tena. Halafu sukuma kwenda juu, ukiishia pale bega linapokubali bila maumivu. Kwa miguu, kaa na kusimama kwenye kiti mara 10 bila kujisukuma kwa mikono. Mara 2 kwa wiki, na angalau siku moja ya kupumzika katikati. Zikipita wiki mbili mkono ukiwa shwari, nenda kwenye chupa ya lita moja, baadaye ya lita moja na nusu. Vuta pumzi na kuitoa, usiibane.

Namna ya kuusikiliza mkono ni rahisi. Kabla ya kuanza, angalia pete, bangili na saa vinavyokaa. Angalia tena jioni na kesho yake asubuhi. Mkono wa gauni ukianza kubana upande mmoja, au mkono ukajihisi mzito na umejaa, rudi uzito uliokuwa nao kabla, na ukikaa hivyo siku kadhaa mwone mtaalamu. Ambaye tayari amevimba asianze peke yake. Wale wa utafiti wa 2009 walisimamiwa na wakufunzi kwa wiki 13 za mwanzo, na walivaa soksi ya kubana ya mkononi kila waliponyanyua. Kwetu soksi hizo ni ghali na si kila duka la vifaa tiba linazo, kwa hiyo anza kuulizia mapema kwenye kitengo cha fiziotherapia cha hospitali unakotibiwa.

Kwa walio kwenye anastrozoli au letrozoli kuna sababu nyingine. Utafiti uliochapishwa 2015 uliwahusisha wanawake 121 waliokuwa wanaumwa viungo kwa dawa hizo. Waliofanya mazoezi ya uzito mara 2 kwa wiki pamoja na dakika 150 za kutembea au mfano wake, baada ya mwaka maumivu yao makali yalishuka kwa asilimia 29. Wasiofanya, hakuna lililopungua. Wapo wanaoacha vidonge hivi kimyakimya kwa sababu ya magoti na vidole. Hili ni jambo la kujaribu kabla ya kufikia huko, na la kumwambia daktari.

Uzito unapitwa na kutembea mahali pamoja: wasiwasi na huzuni. Ushahidi kwamba kunyanyua peke yake kunaondoa hofu ni mdogo.

Yoga na kunyoosha

Aliyelala akikodolea dari saa tisa usiku, akijiuliza maumivu ya mgongo yana maana gani, huyu ndiye yoga inamfaa. Jaribio la 2013 lenye watu 410 waliomaliza matibabu ya saratani, wengi wao ya matiti, lilitumia wiki 4 tu za yoga ya upole, mara 2 kwa wiki. Usingizi ulitengemaa na matumizi ya dawa za usingizi yakapungua. Mwaka 2014 Chuo Kikuu cha Ohio State kikatoa matokeo ya wanawake 200 waliofanya wiki 12. Kilichonivutia ni kwamba uchovu haukuwa na tofauti kubwa mara tu baada ya wiki hizo, ila miezi 3 baadaye waliofanya walikuwa na uchovu mdogo kuliko wenzao. Anayeijaribu siku kumi na kuiacha hajaijaribu.

Wapo wanaosita kwa sababu ya dini, na nawaelewa. Kinachosaidia hapa ni kupumua kwa utulivu na kunyoosha mwili. Hayo yanafanyika bila neno lolote la ibada ya mtu mwingine. Mwalimu mzuri ukimwambia, ataheshimu.

Kwa bega, kunyoosha hakuna mbadala. Simama ukiangalia ukuta, weka vidole vya mkono uliopasuliwa kwenye ukuta, vipandishe kimoja kimoja hadi vinapogoma. Weka alama kwa chaki. Kesho jaribu kuigusa alama, keshokutwa kuipita hata kwa upana wa kidole. Hii ni kazi ya kila siku, dakika chache, na ndiyo inayokurudishia kusuka nywele, kufunga kilemba, kuanika nguo kwenye kamba. Kwa Waislamu, wengi hulazimika kuswali kwenye kiti baada ya upasuaji. Kurudi kwenye sijda kunahitaji bega lifunguke na kiganja kibebe uzito wa mwili, na vyote viwili hujengwa kwa hatua: kwanza kuegemea ukuta, kisha meza, ndipo chini.

Tahadhari mbili. Mikao ya kusimamia viganja iwekwe kando hadi mkono uwe na nguvu, na mwenye mifupa iliyopungua uimara asijipinde wala kujisokota sana mgongo. Walimu wapo mijini, Nairobi hasa. Kwingine itabidi video ya simu, na video haioni bega lako.

Majini

Maji yanabeba mwili, magoti yanapumzika, na mgandamizo wake unaubana mkono kutoka pande zote kama soksi ile. Kwa mnene mwenye maumivu ya viungo, kutembea majini yakiwa kifuani kunaweza kuwa zoezi pekee lisilomuumiza. Hata hivyo tafiti zake ni chache na ndogo ukilinganisha na tatu zilizotangulia.

Masharti yake ndiyo mengi. Kidonda kiwe kimefunga kabisa na ngozi iliyochomwa na mionzi iwe imepona, maana dawa ya bwawa huiwasha. Baharini, mkwaruzo wa jiwe au chaza kwenye mkono usio na tezi ni mlango wa maambukizi. Na kuna faragha: mwenye titi moja anahitaji vazi na mahali pasipo macho ya watu. Pwani kina mama huingia baharini asubuhi na nguo zao, ni utaratibu mzuri. Aliye Dodoma au Nakuru asijisumbue kutafuta bwawa wakati kiti na chupa vipo.

"Mimi nalima, si inatosha?"

Swali la haki. Kulima, kufua na kwenda sokoni kwa miguu ni mwendo wa mwili, na vinahesabika. Tatizo la jembe ni kwamba shamba ndilo linaloamua utainua mara ngapi, mkono hauulizwi. Kwa hiyo chupa zitangulie wiki kadhaa, kisha rudi shambani kwa matuta machache, ukibadilisha mkono unaotangulia, na glavu mkononi. Muziki je? Ukicheza taarabu au rumba dakika 30 hadi pumzi ikapanda, umeshatembea siku hiyo.

Basi uchague lipi

Uchovu na huzuni vikikutawala, anza na kutembea. Mkono dhaifu, viungo kuuma kwa vidonge, mifupa: uzito. Usingizi na hofu: yoga. Magoti yasiyobeba mwili na una maji karibu: maji. Bega lililokakamaa ni ukuta na chaki, hata kama umechagua jingine lolote.

Ukiniuliza mimi, kwa wengi nasema kutembea mara 3 na chupa mara 2 kwa wiki, kwa sababu kila kimoja kinafanya ambacho kingine hakiwezi. Usivianze vyote pamoja. Mwezi wa kwanza tembea tu, hata dakika 10 kwenda na kurudi, ukiongeza dakika mbili tatu kila wiki. Mwezi wa pili chupa ziingie. Siku ambayo mwili umegoma, tembea dakika 5 kisha uamue kama utaendelea au utarudi.

Zipo dalili zisizosubiri kliniki ijayo. Mkono ukiwa mwekundu, wa moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo, hayo ni maambukizi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma kwenye kigimbi, hasa kwa anayemeza tamoksifeni, nenda siku hiyohiyo pia, huenda damu imeganda. Kifua kubana, moyo kwenda mbio bila sababu au pumzi kukata ukiwa umelala chali, vivyo hivyo. Na maumivu mapya ya mfupa yanayokuamsha usiku wiki baada ya wiki, usiyahesabu kuwa ya mazoezi; yapeleke kwa daktari wako wa saratani kabla hujaongeza uzito wowote.